Waliojenga Wale Kwanza

Nelima alibana tonge la udongo katikati ya meno ya mbele, akalisaga polepole huku amefumba macho, kama mpishi anayeonja chumvi. Akatema, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaandika neno moja kwenye daftari: mchanga.

"Mjukuu wangu," akasema bibi yake, Kukhu Namaemba, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, "wanawake wanaokula udongo nawajua vizuri. Kama una habari ya kunipa, nipe moja kwa moja."

"Kukhu! Huu ni mtihani wa udongo. Ukikwaruza meno, una mchanga mwingi. Ukinata kwenye ufizi, ni mfinyanzi. Mimi sina habari yoyote."

"Ndivyo mama yako alivyosema pia, mwezi mmoja kabla hujajulikana."

Nelima alicheka mpaka daftari likamponyoka. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha ujenzi wa udongo, na nyumba aliyokuja kujenga hapa, kwenye mteremko wa Mlima Elgon upande wa Chwele, ilikuwa mtihani wake wa mwisho na pia makao ya bibi yake. Nyumba ya zamani ya Kukhu, ya matofali na saruji, ilikwenda na maporomoko ya mwaka uliopita. Saruji ilikuwa imepigwa marufuku tangu Nelima akiwa shule ya msingi, na mti haukatwi bila kibali, kwa hiyo hakuna aliyeota kuirudisha. Serikali ilimpa Kukhu kuba la plastiki jeupe, ambalo saa sita mchana lingeweza kuangua mayai, pamoja na barua. Barua ilisema kwamba mzee yeyote asiye na nyumba iliyoidhinishwa kufikia mwisho wa Machi atahamishiwa maghorofa ya mjini, ghorofa ya tisa, chumba na bafu.

"Ghorofa ya tisa," Kukhu alipenda kusema. "Nikitema mate huko, yatafika chini nikiwa nimeshasahau nilimtemea nani."

Alitania, lakini Nelima alimjua. Tangu barua ile ifike, bibi yake alikuwa ameanza kuaga migomba mmoja mmoja, akidhani hakuna anayemwona.

Nelima akafinyanga madonge manne kutoka mashimo manne, akayaangusha kutoka usawa wa bega. La kwanza likatawanyika. La pili likabandama chini kama chapati. La tatu likapasuka vipande. La nne lilianguka tu, likabaki duara na ufa mmoja mwembamba.

"Huu," akasema Nelima. "Huu ndio wenyewe. Nimeutoa wapi?"

"Kwenye kichuguu changu. Ungeniuliza, usingekula kijiji kizima."

Kichuguu chenyewe kilisimama nyuma ya migomba, kirefu kumzidi mtu mzima. Kukhu alirithishwa na mama mkwe wake, naye alirithishwa na wake, na kila mvua za masika zilipokaribia familia ilikaa hapo na vijiti. Walimwaga maji kidogo, wakapiga mdundo wa haraka juu ya udongo, pa-pa, pa-pa-pa, mpaka kumbikumbi walioko ndani wakadhani mvua imefika na kutoka kwa maelfu, wanono, watamu, moja kwa moja hadi kwenye chungu. Nelima alijifunza mdundo ule kabla hajajua kuhesabu. Siku hizi kichuguu kilikuwa na kibati cha shaba pia, namba 417. Mchwa walipopata thamani ya ujenzi, serikali ilisajili kila kichuguu na kutunga sheria ya kukilinda pamoja na mwenye nacho.

"Kukhu, mchwa wako watakubali kunijengea?"

"Waulize wao," akasema bibi. "Mimi ni jirani yao tu."

*

Kumhamisha malkia kulichukua asubuhi nzima. Nelima alichimba kwa kijiko kikubwa kandokando ya chumba chake, donge gumu la udongo lenye ukubwa wa mkate, akalifunga kwa kitambaa kibichi. Alimkabidhi shangazi yake, Senge Nakhumicha, mwanamke mwenye mikono isiyotetemeka na sauti iliyoongoza kwaya miaka thelathini. Kukhu akatangulia mbele akipiga vigelegele kama anayesindikiza bibi harusi. Majirani waliokuwa shambani wakaacha majembe kuja kuona ni nani anayeolewa Jumanne.

Bibi alikuwa amekibandua kile kibati cha shaba na kukitia kifuani.

"Hicho kiache pale pale, Kukhu. Ni cha kichuguu."

"Na kichuguu si ndicho hiki tunachokibeba? Jina la mtu humfuata mtu, halibaki kitandani."

Malkia akawekwa penye msingi wa ukuta wa nyuma, akafunikwa, na watu wake wakaletwa kwa ndoo. Kisha Nelima akatoa kalamu ya harufu.

Watu wengi hudhani mchwa ana ramani kichwani. Hana. Kila mmoja hubeba chembe ya udongo, huilowesha kwa mate, huibandika, na mate hayo yana harufu inayomwambia anayefuata: weka hapa. Harufu ikizidi, wengi huja, ikififia, huacha. Chuoni walijifunza kuitengeneza harufu hiyo na kuitia kwenye kalamu yenye mirija mitatu: wa kijani kwa kujenga, wa manjano kwa kupinda, mwekundu kwa kuacha. Nelima alitandaza kamba za mkonge kufuata umbo la nyumba, akapitisha kalamu juu yake, akafunika kila kitu kwa majani ya migomba ili jua lisikaushe kazi. Kilichobaki kilikuwa kumwagia maji, kusubiri, na kutowaingilia.

Kesho yake asubuhi aliinua jani akakuta ukuta wa shubiri moja, mbichi, umenyooka. Alipiga kelele hadi mbwa wa jirani akabweka.

Basi nyumba ikaota. Kila alfajiri shubiri moja, wakati mwingine moja na nusu mvua ikinyunya. Kuta zilikuwa nene na ndani yake mlikuwa na vijia vyembamba vilivyovuta hewa ya chini na kuisukuma juu, hata siku ya jua kali ukiweka kiganja ukutani ulihisi ubaridi kama wa mtungi. Nelima alichonga madirisha mawili kwa mrija mwekundu. Ilipofika zamu ya paa, aliogopa kwelikweli, kwa sababu hakuwa na hata boriti moja ya kushikilia. Akachora manjano, duara ndani ya duara, na mchwa wakapinda kuta taratibu mpaka zikakutana juu. Siku hiyo Kukhu aliingia, akatazama juu, akasahau kutania kwa muda wote wa kuhesabu mia.

Mara moja tu walikosana. Jumapili ya pili, Kukhu aliitundika kofia yake ya kanisani, ile ya majani yaliyosukwa, kwenye kigingi ukutani, akaenda kuoga. Aliporudi alikuta umebaki ukingo wa kofia tu.

"Wamekula kofia yangu!"

"Walikuwa na njaa," akasema Nelima, na papo hapo akagundua jambo. Akakusanya mabua ya mahindi, akayarundika nje nyuma ya ukuta. Kukhu akatundika ule ukingo mahali pale pale kwa hasira. Juma zima mchwa walikula mabua, ukingo wasiuguse.

Kisha ikawa siku ya ufa. Gari la mawe lilipita barabarani, ardhi ikatikisika, na ukuta wa mashariki ukapasuka kutoka dirishani hadi chini. Nelima alikimbilia chepe. Alipofika, mchwa walikuwa wameshajipanga mstari kwenye ufa, na kabla ya ng'ombe kurudi palikuwa pamebaki alama nyembamba kama mshono.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema Kukhu. "Methali hiyo imekufa leo, nimeizika mimi mwenyewe."

Wakacheka, lakini Nelima alicheka kidogo. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na mtungi mdogo wa moshi, wenye mdomo mrefu wa kupenyezwa hadi kwenye chumba cha malkia. Chuoni waliuita moshi wa kulaza. Waliolazwa hawakuamka. Sheria ilikuwa wazi: nyumba haikabidhiwi ikiwa na mchwa hai, kwa sababu huko nyuma nyumba moja iliachwa na wajenzi wake ndani, wakaona njaa, wakala milango, wakala vitanda, wakaanza kujilia ukuta wenyewe. Kila mwanafunzi aliyetangulia alikuwa amefukiza, amepewa cheti, ameendelea na maisha yake.

"Lini?" Kukhu aliuliza siku moja, akiutazama mkoba.

"Kabla mkaguzi hajafika. Jumamosi."

Kukhu alichambua maharagwe kwa muda. "Zamani mtu akikukandikia nyumba, hulali ndani kabla yeye hajala ndani. Waliojenga wale kwanza. Hata akiwa mlevi, hata akiwa mkwe usiyempenda. Sasa hawa wako tunawapa nini? Asante ya punda?"

"Kukhu, nisipowalaza utapelekwa ghorofa ya tisa."

"Najua."

"Na mimi sitapata cheti."

"Hilo nalo najua. Sijasema ufanye nini, nimeuliza tu wanapewa nini."

Mchana huo Nelima alipiga magoti kwenye ukuta wa nyuma, akatoboa tundu la kupitisha mdomo wa mtungi. Akaona mwanga ukiingia ndani, na mchwa mmoja akatokea, akapapasa ukingo wa tundu, akabandika chembe. Akaja wa pili. Nelima alishika mtungi, kidole kwenye kifyatulio, akawaza juu ya bibi yake akiwa juu kabisa, mbali na migomba yake, na kidole kikataka kubonyeza. Mchwa wakaendelea. Hawakumkasirikia. Walikuwa wakiziba mahali palipoharibika, kama walivyofanya kwenye ufa, kwa ajili ya nyumba ambayo hata si yao. Tundu lilipokwisha kuzibwa, mtungi ulikuwa bado umejaa. Nelima akaurudisha mkobani, akalia, na hakuona aibu kulia.

*

Jumamosi asubuhi, kina mama kumi na wawili walikuja kushindilia sakafu, maana hiyo ndiyo kazi ya mwisho na haifanywi na mtu mmoja. Sakafu ilimwagiwa samadi, majivu na udongo wa kichuguu, ikanyunyizwa maji mengi, na kila mmoja akashika kipande chake cha mbao chenye mpini. Senge Nakhumicha alianzisha wimbo. Mbao zikajibu.

Mkaguzi, Bwana Emojong, alifika katikati ya wimbo kwa pikipiki yake ya umeme. Alikuwa mtu mwembamba wa kabila la Wateso kutoka Amagoro, aliyevaa soksi nyeupe hata kwenye matope, na ilijulikana kote kwamba akiwa kazini hajawahi kuonja hata chai ya mtu. Alisalimia, akasifu paa kwa neno moja, akatoa kijiti chake cha kusikilizia na kukigusisha ukutani.

"Nasikia mbao tu," akasema. "Kelele ni nyingi. Bi Nelima, umewalaza?"

Nelima alikuwa amejiapiza tangu alfajiri kusema kweli. Akageuka kumtafuta bibi yake. Kukhu, aliyesimama mlangoni, alikuwa akitazama juu kana kwamba anasubiri ndege.

"Bwana Mkaguzi," Nelima akaanza, "nilikuwa nataka..."

Hapo ndipo masikio yake yalipozibuka. Maji yalikuwa yamemwagwa. Na mbao kumi na mbili, zikifuata sauti ya Senge, zilikuwa zikipiga pa-pa, pa-pa-pa.

"Acheni!" akapiga kelele. "Senge, badilisheni mdundo! Ni ule wa..."

Hakumaliza. Ukuta wa nyuma ulifunguka matundu kama ishirini kwa pamoja, na kumbikumbi wakamwagika. Walitoka wakisukumana, mabawa yao mapya yakimetameta, wakajaa chumba kizima, wakawaingia kina mama kwenye vitambaa vya kichwa, wakamwingia Bwana Emojong kwenye mikono ya shati. Kina mama wakapiga kelele moja, kisha wakagundua kelele hiyo ilikuwa ya furaha. Mbao zikatupwa. Mwingine akavua leso, mwingine akakimbilia sufuria, na Senge Nakhumicha, ambaye hajawahi kukatiza wimbo maishani, aliukatiza ili atie wawili mdomoni.

"Mvua ya uongo!" Kukhu akacheka akishika mbavu. "Tumewadanganya bila kukusudia!"

Bwana Emojong alimtoa mmoja shingoni kwa vidole viwili, akamtazama muda mrefu. Ilionekana wazi kwamba alikuwa na njaa. Akamwachilia dirishani.

"Hawajalazwa," akasema.

"Hapana," akasema Nelima. "Nilishindwa. Hawali nyumba wakilishwa, Bwana Mkaguzi, nimewapima. Kila Jumamosi gunia moja la mabua. Ulizeni kofia."

"Kofia?"

Kukhu akaonyesha ule ukingo, bado umening'inia kwenye kigingi. Mkaguzi akaukagua, akatoka kukagua rundo la mabua nyuma, akarudi polepole akipapasa ukuta. Karibu na mlango kiganja chake kilisimama. Pale, ndani ya udongo, mchwa walikuwa wamekizungushia ukingo mzuri kibati cha shaba, namba 417.

"Nani aliweka hiki hapa?"

"Mimi," akasema Kukhu. "Kina ubaya?"

Bwana Emojong alimtazama kikongwe yule, naye akamtazama kwa macho ya mtoto wa kanisani. Kisha mkaguzi akafungua jalada lake.

"Nina fomu mbili," akasema. "Ya kwanza ni ya nyumba. Mtungi wangu uko kwenye pikipiki. Tunawalaza sasa hivi, natia sahihi, mama anahamia leo, na Bi Nelima anapata cheti chake. Ya pili ni ya kichuguu. Mwenye kichuguu hai hahamishwi, na hakuna mtu anayeruhusiwa kukifukiza. Sheria haisemi kichuguu kiwe na umbo gani. Haisemi kwamba hakiwezi kuwa na mlango."

"Si ujaze hiyo ya pili!" akasema Senge, mdomo umejaa.

"Nikiijaza, basi hapa hakuna nyumba. Na kama hakuna nyumba, mwanafunzi huyu hajajenga kitu. Mtihani ameanguka. Atarudia mwaka mzima, wakimkubali." Alimgeukia Nelima, na sauti yake ikawa ya upole. "Siwezi kuandika zote mbili. Ningeweza, ningeandika."

Nelima akamtazama bibi yake.

"Usinitazame mimi," akasema Kukhu. "Mimi kwa fomu yoyote nimebaki nyumbani. Cheti ni chako, na miaka ni yako."

Miaka minne. Nelima aliiona yote: madonge aliyoyatafuna, kamba alizozifunga na kuzifungua, mama yake aliyekwisha kutangaza kanisani. Alikitaka cheti kile kuliko kitu chochote kilichoandikwa kwenye karatasi. Aliutazama ukuta. Matundu yalikuwa yameanza kuzibwa, chembe kwa chembe, na wale wale wasio na mabawa, ambao hawakuitwa kwenye sherehe.

"Andika kichuguu," akasema.

"Umefikiri?"

"Nimefikiri." Ajabu, akajikuta anatabasamu. "Sijajenga kitu, Bwana Mkaguzi. Waliojenga ni hao, na wana njaa."

Bwana Emojong akachuchumaa, akaweka jalada gotini, akaandika akisoma kwa sauti, neno kwa neno. Kichuguu namba 417. Hali: hai. Milango: mmoja. Madirisha: mawili. Wakazi. Hapo kalamu ikasita.

"Mchwa, wasiohesabika," akasema. "Binadamu, mmoja."

Vigelegele vilivyofuata vilisikika hadi sokoni. Mkaguzi akapiga muhuri, akafunga jalada, akatazama saa yake. "Saa saba kamili," akatangaza. "Kuanzia sasa niko mapumzikoni." Na akanyoosha mkono kwenye sufuria ya kumbikumbi, ambao baadhi ya kina mama walikuwa wameshawakaanga nje kwa chumvi, wakanukia mlima mzima.

Kukhu akamchapa kofi la kiganjani. "Mwanangu, hapa kuna utaratibu. Waliojenga wale kwanza."

Nelima akaelewa. Akatoka, akajitwika mabua hadi akashindwa kuona mbele, akayarundika nyuma ya ukuta. Alichuchumaa akisubiri mpaka mchwa wa kwanza akachomoza, akapapasa bua, akaanza kula. Ndipo akarudi ndani na kupiga makofi kuwaashiria watu.

Kukhu alijaza sahani ya kwanza mpaka ikafurika. Senge akanyoosha mkono, akapitwa. Bwana Emojong akanyoosha wake, akapitwa vilevile. Bibi alivuka sakafu mbichi bila viatu, akaiweka sahani mikononi mwa Nelima.

"Mimi nisubiri, Kukhu. Umesikia mwenyewe, sijajenga."

"Nimeisikia serikali ikisema," akasema Kukhu Namaemba. "Kula, mwana wangu. Watu wana njaa, na hawawezi kuanza kabla yako."